Je, moshi wa miwa hufukuza mvua?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kilombero: "Nalima mahindi jirani na mashamba ya miwa. Kila msimu wa kuvuna miwa huchomwa moto, na asubuhi majivu meusi yametapakaa kwenye nguo nilizoanika. Wazee wetu husema moshi huo unafukuza mvua. Mwanangu wa kidato cha tatu ananibishia, anasema mwalimu amewafundisha kwamba bila vumbi na moshi hakuna wingu wala mvua. Tena tunasikia huko Emirati ndege hurusha chumvi mawinguni ili mvua inyeshe. Sasa mkweli ni nani?"

Shikamoo mama. Wazee wana hoja, mwanao ana hoja, na wale wa Emirati nao wanajua wanachokifanya. Wingu haliwezi kuzaliwa bila chembechembe za kushika mvuke. Lakini chembe hizo zikizidi, hasa zikiwa ndogo mno, maji ya wingu hugawanywa kwa wengi hadi hakuna tone linalopata uzito wa kudondoka. Chembe chache zilizo kubwa hufanya kinyume chake. Kwa hiyo ukisikia habari ya moshi na mvua, uliza kwanza: chembe ngapi, na za ukubwa gani?

Nianze na la mwanao, maana anaweza kulithibitisha hapo hapo nyumbani. Achukue chupa ya maji ya plastiki, ile laini na angavu ya lita moja na nusu. Atie maji ya uvuguvugu kiasi cha kufunika kitako, afunge, aitikise, aiache kidogo ili hewa ya ndani ijae mvuke. Kisha aibinye kwa nguvu kwa mikono miwili na kuiachia ghafla, huku mtu mwingine akimulika tochi ya simu kutoka ubavuni. Hataona kitu, au ataona ukungu hafifu sana. Sasa afungue chupa, awashe kijiti cha kiberiti na kukizima, na ule moshi mwembamba unaobaki auvutie ndani kwa kuibinya chupa kidogo na kuiachia mdomo wake ukiwa karibu na kijiti. Afunge haraka, abinye tena, aachie. Safari hii chupa itajaa ukungu mweupe pale pale. Akibinya, ukungu unatoweka, akiachia, unarudi.

Hewa iliyobanwa ikiachiwa hutanuka, ikitanuka hupoa, na ikipoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuwa nao. Ndivyo inavyotokea hewa inapopanda kwenye kuta za milima ya Udzungwa hapo kwenu: kadiri inavyopanda ndivyo inavyotanuka na kupoa. Ndani ya chupa mvuke ulikuwepo mara zote mbili. Mara ya kwanza ulikosa mahali pa kushikia.

Jambo hili aliligundua Mfaransa Paul-Jean Coulier mwaka 1875, na miaka michache baadaye John Aitken wa Scotland akalifanyia kazi kubwa zaidi, akichuja hewa kwa pamba na kuona kwamba hewa safi kabisa inagoma kutoa ukungu. Mskoti mwingine, C. T. R. Wilson, aliendelea na swali hilo katika miaka ya 1890: je, tukiondoa vumbi lote na kuzidi kuipoza hewa, itakuwaje? Ilibidi hewa ifikie mvuke wa takriban mara nne ya kiwango chake cha kushiba, yaani mvuke wote inaoweza kubeba kwa kawaida, ndipo yatokee matone machache, tena kwa kushikwa na chembe zenye chaji ya umeme, na karibu mara nane ndipo utokee ukungu mzito. Katika mawingu halisi, hewa ni nadra kuzidi kiwango cha kushiba hata kwa asilimia moja. Maana yake ni kwamba kila wingu uliloliona maishani mwako, kila tone ndani yake lilianzia kwenye chembe.

Kwa nini maji hayawezi kujikusanya yenyewe? Tone likiwa dogo sana, uso wake umepinda mno. Molekuli ya maji iliyo kwenye uso huo ina jirani wachache wa kuishika, hivyo inarudi hewani kirahisi. Tone changa huvukizwa kabla halijakua. Chembe inaleta misaada miwili kwa pamoja. Kwanza inalipa tone ukubwa tangu mwanzo, uso wake usipinde kupita kiasi. Pili, ikiwa ni chembe ya chumvichumvi inayoyeyuka, inayang'ang'ania maji yasiondoke. Mswidi Hilding Köhler aliyaunganisha mambo haya mawili katika hesabu moja, na maandiko yake ya mwaka 1936 bado ndiyo msingi wa hesabu za mawingu hadi leo. Kwa hesabu hiyo, chembe ya chumvi yenye upana wa mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) inaweza kuzaa tone hewa ikizidi kiwango cha kushiba kwa asilimia isiyofika 0.2.

Hapa nikuombe uyatenganishe majivu na moshi. Yale mabaki meusi yanayokuharibia nguo hayana kazi mawinguni; ni makubwa, ni mazito, yanaanguka hayajafika mbali. Chembe zinazogusa mvua, za upana wa mikroni 0.1 hivi, huzioni kwa macho. Unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo ukizipanga chembe hizo mstari mmoja, utahitaji kama mia saba kufikia upana wa unywele mmoja. Hizo hupanda na hewa ya moto, husafirishwa na upepo, na zisiponaswa na mvua huweza kukaa hewani kwa siku kadhaa, hata wiki.

Na moshi wa mimea una sifa nzuri ya kuvuta maji. Bibi zetu walichuja majivu ya mimea wakapata chumvi ya kupikia. Chumvi zile zile za potasiamu zimo kwenye moshi, pamoja na mchanganyiko wa vitu vingine vinavyoyeyuka. Masizi matupu, yale meusi kabisa, yakiwa mapya hukataa maji kama mafuta yanavyoyakataa. Yakishasafiri saa kadhaa au siku, hupakwa salfeti na mvuke wa vitu vingine, nayo yakaanza kupokea maji. Moshi wa viwanda vya makaa ya mawe na wa mafuta mazito ya meli hutoa dioksidi ya salfa, ambayo hugeuka hewani kuwa salfeti. Hiyo salfeti ni miongoni mwa viini vya mawingu vyenye nguvu kuliko vyote ambavyo binadamu anavizalisha.

Sasa tuje kwa wazee. Wingu linapopanda lina kiasi fulani cha maji ya kugawa, na moshi hauongezi maji hayo. Ni kama sinia moja ya pilau: wakiketi watu wanne wanashiba, wakiketi thelathini kila mmoja anaondoka na tonge moja. Katika hewa safi ya baharini, wingu huwa na matone kama 100 katika kila sentimita ya ujazo. Katika hewa chafu ya nchi kavu yanafika mamia, hata kuzidi 1,000. Tuchukue wingu lenye matone 100, kila moja likiwa na nusu kipenyo cha mikroni 16. Ingiza moshi, matone yawe 800, maji yabaki yale yale. Nusu kipenyo kinashuka hadi mikroni 8.

Tofauti hiyo ya 16 na 8 inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama utapata mvua. Tone la mvua lenye upana wa milimita 2 limebeba maji ya matone ya wingu milioni moja yenye upana wa mikroni 20. Haiwezekani likue hivyo kwa kunyonya mvuke peke yake katika muda mfupi ambao wingu linaishi. Lazima matone yagongane na kuungana. Tone kubwa huanguka upesi kuliko madogo, linayafikia, linayameza, linazidi kuwa kubwa. Matone yakiwa madogo yote, tena yanalingana, yanashuka kwa mwendo wa sentimita moja hivi kwa sekunde, hakuna anayemfikia mwenzake. Hata yakikaribiana, lile dogo linapeperushwa na hewa inayolizunguka lile kubwa, linapita pembeni bila kugusa. Kwa mawingu yasiyo na barafu, mvua hushika kasi pale matone ya juu ya wingu yanapofikia nusu kipenyo cha mikroni 14 hivi. Wingu letu la kwanza lilikuwa limevuka mpaka huo. La pili halijavuka, na linaweza kutawanyika na kurudi kuwa mvuke bila kudondosha chochote.

Mama, huenda hukujua kwamba swali lako la miwa lina historia. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wawili, Jack Warner na Sean Twomey, waliruka na ndege kule Queensland, Australia, penye mashamba makubwa ya miwa yaliyokuwa yakichomwa kabla ya kuvunwa kama yenu. Walipima hewa na mawingu upande unakotoka upepo na upande unakokwenda. Mawingu yaliyopokea moshi yalikuwa na matone mengi zaidi, na madogo zaidi. Hilo halina ubishi. Lilipimwa ndani ya wingu lenyewe. Mwaka 1968 Warner akachapisha hesabu iliyozua mjadala: alipekua kumbukumbu za mvua za miongo mingi katika maeneo ya bara yanayopokea moshi huo, akaona mvua ya msimu wa kuvuna imepungua kadiri kilimo cha miwa kilivyokua. Miaka mitatu baadaye aliandika tena juu ya suala hilo hilo, na safari hii ushahidi wa kupungua kwa mvua haukujitokeza kwa uwazi ule katika maeneo mengine.

Mimi namheshimu sana Warner kwa kuichapisha hesabu ya pili pamoja na ya kwanza. Inatufundisha jambo ambalo wanaotangaza habari za mvua hulisahau. Kuonyesha kwamba moshi umebadilisha matone ni rahisi kiasi. Kuonyesha kwamba umepunguza milimita ngapi shambani ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu mvua yenyewe hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka kwa sababu nyingi zenye nguvu kuliko moshi.

Kwenu Kilombero sababu hizo ni kubwa. Miwa huvunwa zaidi kiangazi, upepo wa kusi ukivuma, na ukanda mvua ukiwa mbali kaskazini ya ikweta. Mvua ingekosekana hata kama hakuna aliyewasha kiberiti. Msimu wa mvua ukianza kwa kuchelewa au ukikatika mapema, tafuta sababu kwanza katika joto la Bahari ya Hindi na mwenendo wa pepo. Pale moshi unapoweza kuwa na neno ni katika ile miezi ya mpito, mawingu madogo ya mchana yanapoanza kujitokeza juu ya bonde na miwa bado inachomwa. Wingu dogo la aina hiyo, lisilofika juu penye barafu, ndilo linaloonewa kirahisi na chembe nyingi. Manyunyu ambayo yangedondoka mchana mmoja yanaweza yasidondoke. Kwa hiyo nawakubalia wazee kwa manyunyu, siwakubalii kwa msimu mzima.

Ukitaka kuona moshi wa mimea ukitenda kazi kwa upana wa bara zima, tazama magharibi yetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, nyika za kusini mwa Kongo, Angola na Zambia zinawaka, na moto husogea kuelekea kusini-mashariki kadiri miezi inavyokwenda. Ukanda huo wa kusini mwa Afrika hutoa karibu theluthi moja ya chembe zote za moshi wa mimea unaochomwa duniani. Moshi unasukumwa hadi Bahari ya Atlantiki, na pale mbele ya pwani za Angola na Namibia unakutana na tandiko la mawingu ya chini, meupe, yanayofunika bahari kwa maelfu ya kilomita. Kati ya 2016 na 2018 ndege za NASA zilikwenda kuyapima, kwanza kutokea Walvis Bay, kisha São Tomé. Mara nyingi moshi huelea juu ya mawingu bila kuyagusa. Hapo hunyonya jua, hupasha joto hewa ya juu, na kuwa mfuniko unaozuia wingu lisichanganyike na hewa kavu. Pale unaposhuka na kuingia ndani ya wingu, matone huongezeka na kuwa madogo, kama kule Queensland. Moshi ule ule, matokeo mawili, kutegemea umekaa juu au umeingia ndani. Na zikichanganyika chembe nyeusi nyingi katika safu yenyewe ya mawingu, joto zinalonyonya linaweza hata kuyakausha.

Wingu lenye matone mengi madogo lina tabia nyingine: huwa jeupe zaidi. Maji yale yale yakikatwa vipande vidogo yana uso mkubwa zaidi wa kurudisha mwanga. Katika mfano wetu wa matone 100 kuwa 800, uso wote unakuwa mara mbili. Twomey, yule yule wa miwa, alilieleza hilo kwa dunia nzima katika miaka ya 1970. Linaonekana kwa macho kwenye picha za setilaiti: meli ikipita chini ya mawingu mepesi ya bahari huacha mstari mweupe unaofuata njia yake. Januari 2020 sheria ya kimataifa iliposhusha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, mistari hiyo ilipungua sana. Ripoti kuu ya IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, ya mwaka 2021 inakadiria kwamba uchafu wa hewa, kwa kupitia mawingu peke yake, unarudisha angani wastani wa wati 0.8 hivi kwa kila mita ya mraba ya dunia, wakati kaboni dioksidi tuliyoiongeza inazuia joto la wati 2.2 hivi. Sehemu ya ongezeko la joto imefichwa na moshi wetu, na tunapousafisha, kama tunavyopaswa, joto hilo linajitokeza.

Tumalizie Emirati. Ndege zao hulenga mawingu ambayo tayari yapo na yanapanda, zikiwasha fataki za chumvi chini yake, penye mkondo wa hewa unaoingia. Chembe wanazotafuta ni kubwa, za mikroni moja na zaidi, mara kumi ya upana wa zile za moshi. Chembe kubwa huzaa tone kubwa tangu mwanzo, na tone hilo linaanza kuwakamata wenzake mapema. Katika wingu lililojaa vumbi na matone madogo, hao wakubwa wachache ndio wanaoanzisha mvua. Bahari hufanya kazi hiyo bila ndege: mawimbi yakivunjika hurusha chumvi hewani, na ndiyo sababu wingu la moshi likifika baharini huweza kuanza kunyesha pale lilipokuwa limegoma nchi kavu. Lakini anga likiwa tupu, chumvi haina la kufanya. Hakuna ndege inayoumba wingu la mvua.

Yapo pia mawingu makubwa ya radi, na hapo hesabu inageuka. Mvua ikicheleweshwa chini, matone madogo hubebwa juu hadi penye baridi kali, yanaganda, na kuganda kunatoa joto linaloweza kuongezea dhoruba nguvu. Wataalamu bado wanabishana nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani. Ila juu ya njia za meli zinazokaribia Singapore radi zilikuwa karibu mara mbili ya pembeni mwake, na baada ya sheria ile ya 2020 zikapungua kama nusu. Kwa hiyo moshi unaweza kuwanyima watu manyunyu ya leo, halafu ukachangia ngurumo ya mahali pengine.

Sasa, kama mtu wa Kilombero akiniuliza apiganie nini, sitamwambia apiganie moshi ukomeshwe kwa ajili ya mvua. Nitamwambia kifua cha mtoto kinatangulia. Chembe zile zile zinazofaa kuzaa matone ni ndogo kiasi cha kupenya hadi mwisho wa mapafu, na Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka wa chembe ndogo zisizozidi mikroni 2.5 usipite mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Wiki za kuchoma miwa huweza kupandisha chembe hizo juu sana ya namba hiyo kwa walio chini ya upepo. Haki ya kulalamika mnayo, na hamhitaji kusubiri mwanasayansi athibitishe habari ya mvua ndipo muitumie.

Na kuna njia nyingine. Huko huko Queensland, sehemu kubwa ya wakulima wameacha kuchoma na sasa huvuna miwa mibichi kwa mashine, majani yakibaki shambani kama matandazo. Ardhi chini ya majani hayo hukauka polepole, na magugu hupungua. Wapo ambao bado wanachoma, hasa eneo la Burdekin wanakomwagilia kwa mifereji na majani mengi huzuia maji kupita. Kwenu miwa mingi hukatwa kwa mkono, na kuingia kwenye miwa mibichi na panga ni kazi ngumu, yenye majani makali na nyoka, kwa hiyo mabadiliko hayo yanahitaji fedha na mazungumzo na wakataji wenyewe, maana ndio watakaoathirika kwanza. Mkianzia na mashamba yaliyo upande unakotoka upepo, karibu na makazi na shule, nafuu mtaiona msimu huo huo.